Kuongeza Mkuku kwenye Boti ya Kitako Bapa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na watu waliojiundia boti ya plaiwudi nyumbani, wakafunga mashine ya kupachika nyuma, kisha wakaona chombo hakitulii njiani. Ili vipimo visielee hewani, majibu yote yanaichukua boti moja kuwa mfano: urefu mita 4.8, upana wa kitako mita 1.2, plaiwudi ya chini milimita 12, mashine ya nguvu za farasi 15. Kama yako ni ndogo au kubwa zaidi, punguza au ongeza kwa uwiano huohuo.

## Mambo ya msingi

1. Mkuku ni nini hasa, na mbona boti yangu ilielea vizuri bila mkuku?

Katika jahazi, dau au mashua, mkuku ndio uti wa mgongo. Ndio gogo la kwanza kulazwa, mataruma, yaani mbavu za chombo, yanasimama juu yake na mbao zinafuata. Mitumbwi ya Sesse ya Ziwa Viktoria nayo huanzia kwenye mkuku, na ncha yake hutokeza mbele ya omo (sehemu ya mbele ya chombo) kama pua.

Boti ya plaiwudi ya kitako bapa haihitaji uti huo. Nguvu yake inatokana na karatasi zenyewe za plaiwudi, pembe zilizogandishwa na viunzi vya ndani. Kwa hiyo mkuku unaouongeza baadaye haubebi chombo. Ni ubao mwembamba chini ya kitako, na kazi yake kubwa ni kuelekeza.

2. Basi utanisaidia nini?

Vitu vitatu. Kwanza, boti itashika njia: ukiachia mkono wa mashine kidogo, omo haitakimbilia kushoto au kulia papo hapo. Pili, upepo wa ubavuni hautaisukuma kirahisi. Kitako bapa kinateleza juu ya maji kama sahani, na wakati wa kusi kali unaweza kuona unaelekea bandarini huku chombo kinakwenda upande. Tatu, ukipweleza ufukweni, mchanga na mawe vitakula mkuku kabla ya kula plaiwudi. Kwa wengi faida hii ya tatu peke yake inatosha.

3. Je, mkuku utazuia boti isipinduke?

Hapana. Swali hili naliombea usikivu, kwa sababu kosa lake linaua watu. Mkuku unaozuia kupinduka ni ule wa mashua za tanga za mashindano, wenye risasi au chuma kizito kilichoning'inia mbali chini ya maji. Ubao wa sentimita 4 una uzito wa kilo 3 hivi. Hauwezi kuwarudisha watu watano waliosimama upande mmoja.

Utulivu wa boti ya kitako bapa unatokana na upana wake na uzito kukaa chini. Watu wakae, mizigo ilazwe sakafuni, galoni za mafuta zifungwe zisiteleze, na maji ya ngama, yale yanayokusanyika ndani chini ya boti, yatolewe kabla hayajaanza kukimbia huku na huku. Kama boti yako inayumba kwa kutisha ikiwa imesimama tu, ipunguzie mzigo au irudi kwa fundi. Usiipe mkuku ukadhani umeitibu.

4. Utapunguza kile kishindo cha kupigwa na mawimbi?

Hautapunguza. Kishindo kinatokana na ubapa wa sehemu ya mbele. Punguza mwendo, sogeza mzigo kidogo mbele, kata wimbi kwa mshazari.

5. Nitajuaje kama shida yangu kweli ni kukosa mkuku?

Anza kwa kutafuta ugonjwa mwingine. Boti nyingi nilizoletewa zikidaiwa "zinataka mkuku" zilikuwa na moja ya kasoro zifuatazo, na kuitengeneza hakukugharimu hata ubao.

Tazama uzito. Omo ikizama mno, sehemu ya mbele ndiyo inayoshika maji na tezi, yaani sehemu ya nyuma, inazunguka nyuma yake, kwa hiyo boti inatangatanga. Hamisha abiria mmoja au nanga nyuma, ujaribu tena. Kisha pembe ya mashine: ikiwa imeingizwa sana kuelekea kwenye boti, omo inasukumwa chini na dalili zinakuwa zilezile. Itoe tundu moja nje.

Kama boti inavuta upande mmoja tu, siku zote uleule, hilo si la mkuku kabisa. Propela yenyewe huvuta. Mashine nyingi zina kipezi kidogo cha chuma kinachozunguka, chini ya bamba lililo juu ya propela. Boti ikivuta kulia, legeza boliti yake na usogeze ncha ya nyuma ya kipezi hicho kulia kidogo, kaza, jaribu. Ikivuta kushoto, fanya kinyume chake.

Mwisho, lala chini ya boti ukiwa na ufito ulionyooka wa mita 2, uuweke kwenye kitako kuanzia tezi kuelekea mbele. Nusu ya nyuma ya boti inayokwenda kasi inapaswa kuwa bapa. Ukiona mwanga katikati, yaani kitako kimeingia ndani karibu na nyuma, boti itasukuma omo chini kila unapoongeza mafuta. Ukiona ufito unabembea, kitako kimetuna, na omo itadunda juu chini. Mkuku hautibu hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kama vyote hivyo viko sawa na bado boti inateleza ubavu kwenye upepo, au omo inatafuta njia yake yenyewe kwenye mwendo mdogo, hapo endelea kusoma.

## Umbo na mahali pake

6. Mkuku uanzie wapi na uishie wapi?

Fikiria mshale. Manyoya yake yako nyuma. Ukiyahamishia mbele, mshale unapinduka hewani. Boti ni hivyohivyo: eneo linaloshika maji likiwa nyuma, tezi inafuata omo. Likiwa mbele, wimbi la nyuma likiinua tezi, omo inang'ang'ania maji, na chombo kinageuka ubavu kwa wimbi. Kwenye mlango wa bandari wenye mawimbi ya nyuma, hiyo ndiyo namna ya kujaza boti maji kwa dakika moja.

Kwa boti yetu ya mfano, anza mita 1.5 nyuma ya omo na uishie sentimita 45 kabla ya ubao unaobeba mashine. Mkuku utakuwa na urefu wa mita 2.85. Usianze kwa kimo kamili: upande taratibu kutoka sifuri hadi kimo chake ndani ya sentimita 60 za mwanzo, ili majani na kamba za nyavu zipite bila kukwama.

7. Kwa nini usifike mpaka mwisho wa tezi? Majahazi yote mkuku wake unafika.

Jahazi halina propela sentimita chache nyuma ya mkuku. Boti yako inayo. Maji yanayoachana na ncha butu ya mkuku yanavurugika na kuvuta hewa, na propela ikipewa hewa badala ya maji inazunguka bure. Utasikia mashine inapaza sauti ghafla, boti inalegea, kisha inashika tena, hasa kwenye kona au ukiwa na mzigo mdogo.

Mkuku wa kwanza niliofunga niliufikisha hadi ubao wa mashine, kwa sababu ndivyo nilivyoona kwenye mashua tangu utotoni. Kwenye mwendo mdogo ulikuwa mzuri ajabu. Nilipofungua mafuta, mashine ililia na boti haikupanda juu ya maji hata kidogo. Tuliipandisha ufukweni siku hiyohiyo maji yakiwa yanakupwa, nikakata sentimita 40 kwa msumeno wa mkono na kuichonga ncha iliyobaki iwe nyembamba. Jioni ilipanda kama kawaida.

Kwa hiyo mambo mawili: uishie mapema, na sentimita 30 za mwisho uzipunguze unene kutoka pande zote mbili, kutoka sentimita 4 hadi kama 1, ili maji yakutane polepole.

8. Kimo chake kiwe kiasi gani?

Inategemea mwendo, na hapa watu hukosea kwa kudhani kirefu zaidi ni bora zaidi.

Kila chombo kina mwendo wake wa kawaida wa kupasua maji. Chukua urefu wa mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43, unapata mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Boti yetu ina mstari wa maji wa mita 4.5 hivi, kwa hiyo ni noti 5 na kidogo, sawa na kilomita 9.5 kwa saa. Chini ya hapo inapasua maji. Juu ya hapo, ikiwa na nguvu ya kutosha, inaanza kupanda juu ya maji.

Boti inayopanda juu ya maji isizidi kimo cha sentimita 5, na mimi napendelea 4. Ukikata kona kwa kasi, kitako bapa kinateleza upande, na kule kuteleza ndiko kunakokulinda. Mkuku wenye kimo kikubwa unakataa kuteleza: chini kumeshika, juu kunaendelea na safari, boti inalalia upande wa nje wa kona, pembe yake inachimba maji, na aliyekaa ukingoni anarushwa. Boti ya pole pole, isiyovuka kilomita 10 kwa saa, inaweza kubeba sentimita 10 hadi 15 upande wa nyuma bila hatari hiyo.

9. Mmoja katikati, au mitatu?

Kwa anayepweleza kila siku, ningeshauri mitatu mifupi kwa kimo: mmoja katikati wa sentimita 4, na mingine miwili ya sentimita 2 au 3, kila mmoja sentimita 35 hadi 40 kutoka katikati. Boti inakaa wima mchangani badala ya kulala upande, uzito unagawanyika, na watu wanaoiburura juu ya magogo hawakwaruzi kitako. Ile ya pembeni haiko mbele ya propela, kwa hiyo inaweza kufika karibu zaidi na tezi.

Tahadhari ni moja: lazima yote iwe sambamba. Ukiona mmoja umekwenda upande, angalia swali la 17.

10. Nimesikia pezi la nyuma linatosha bila mkuku mrefu. Ni kweli?

Kwa boti ya pole pole, ni kweli kabisa, na mara nyingi ndiyo suluhisho zuri zaidi. Kama kitako chako kinapanda kuelekea tezi, kuna pengo la pembetatu kati yake na mstari ulionyooka. Jaza pengo hilo kwa ubao, ukiishia kabla ya propela kama swali la 7 linavyosema, na boti itashika njia mara moja. Madau madogo ya kitako bapa ya Marekani yanayopigwa makasia yamekuwa na pezi la namna hii kwa vizazi.

11. Mwendo utapungua? Mafuta je?

Kidogo sana. Mkuku wa mita 2.85 kwa sentimita 4 unaongeza eneo linalogusa maji kwa robo mita ya mraba hivi, wakati kitako chenyewe ni kama mita 5 za mraba. Hiyo ni asilimia 4 au 5 ya msuguano wa kitako, na ukizingatia kwamba huendi tena kwa kupindapinda, safari ndefu inaweza kula mafuta yaleyale. Kitu kitakachokula mafuta kweli ni mkuku uliopinda au wenye ncha butu.

## Mbao, gundi na skrubu

12. Mbao gani?

Mvule ukipatikana, chukua mvule. Haunyonyi maji haraka, haupasuki ovyo na hauvunji mgongo wa mnunuzi kama msaji. Mbambakofi ni mgumu zaidi na mafundi wa majahazi wameuamini kwa mikuku tangu zamani, ila ni mzito na unaumiza randa. Msaji ni mzuri sana lakini una mafuta: usipoyafuta kwa asetoni au thina muda mfupi kabla ya kupaka gundi, gundi haitashika.

Mkaratusi uliokatwa karibuni uache. Ukikauka unapasuka na kujikunja, na utavuta skrubu pamoja nao. Na mbao yoyote utakayoichukua, chagua yenye nyuzi zilizonyooka, isiyo na kifundo.

Kama hupati ubao mmoja wa urefu wote, unganisha miwili kwa mshazari wa 8 kwa 1: ubao wa sentimita 4 ukatwe mshazari wa sentimita 32, upakwe epoksi na ubanwe usiku kucha.

13. Boti yangu ni ya "marini bodi". Mkuku utashika?

Utashika ukiondoa ngozi yake. Karatasi nyingi zinazouzwa kwa jina hilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zile zenye uso mweusi au wa kahawia unaong'aa, zilitengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Gundi yake ya ndani inaweza kuvumilia maji, lakini ule uso haushiki epoksi wala rangi, na katikati mwa karatasi mara nyingi kuna mapengo ambamo maji hukaa na kuozesha.

Chora mstari wa mkuku, ongeza sentimita 10 kila upande, kisha piga msasa namba 40 au 60 mpaka uone mbao tupu. Kama una kipande kilichobaki, kichemshe saa kadhaa. Matabaka yakiachana, matatizo ya boti yako ni makubwa kuliko mkuku.

14. Epoksi, poliesta au gundi ya mbao?

Epoksi. Rezini ya poliesta, ile ya mafundi wa faiba, inashikana vizuri na faiba yenyewe lakini kwenye mbao hubanduka baada ya muda, na inabanduka mahali usipopaona. Gundi nyeupe ya seremala haina kazi chini ya maji.

Kwa joto letu, epoksi inaganda kikombeni ukiwa bado unatafuta brashi. Changanya kidogo kidogo na umimine kwenye sinia pana badala ya kuiacha kwenye kopo. Fanya kazi alasiri, joto linaposhuka. Asubuhi mbao inapopata joto, hewa iliyomo ndani yake inapanuka na kutoa mapovu kwenye gundi, lakini alasiri inasinyaa na kuivuta gundi ndani.

Kama unataka mkuku unaoweza kutolewa siku moja, tumia gundi laini ya kuziba ya poliyurethani, kwa mfano aina ya Sikaflex, pamoja na skrubu. Silikoni ya madirishani isikaribie boti. Ikishapakwa, hakuna rangi wala gundi nyingine itakayoshika hapo.

Na kalafati? Kwenye mashua ya mbao, pamba iliyopigwa kwenye nyufa ni kazi ya heshima. Kwenye plaiwudi, kupiga kalafati kunafungua matabaka. Usijaribu.

15. Skrubu zipi, na ngapi?

Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 kwa maji ya chumvi. Shaba nyeusi ni bora zaidi ukiipata. Za chuma zilizochovywa zinki kwa moto zinafaa ziwani na kwa mwenye bajeti ndogo. Skrubu nyeusi za dari na za samani usizitumie hata kwa muda.

Zipite kutoka ndani kwenda chini, kila baada ya sentimita 15. Hesabu urefu: ubao wa ndani milimita 20, plaiwudi 12, halafu ziingie kwenye mkuku milimita 28. Jumla ni 60, na zinabaki milimita 12 za mbao kabla ya kutokeza. Toboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu, lipake epoksi, ndipo ufunge.

16. Lazima kuwe na ubao wa ndani?

Lazima. Plaiwudi ya milimita 12 peke yake haina nyama ya kushika skrubu, na siku boti itakapokalia jiwe, uzito wote utasukuma mstari mmoja wa sentimita 4 kwenda juu. Ubao wa ndani wa sentimita 8 hadi 10 kwa upana unaugawa mzigo huo. Kama viunzi vya ndani vinakuzuia kuweka ubao mmoja, weka vipande kati ya kiunzi na kiunzi. Acha matundu ya kupitisha maji ya ngama, maana ukiyaziba utakuwa umejenga mabirika madogo ya kuozesha boti yako.

## Kuufunga

17. Nitapataje mstari ulionyooka?

Pindua boti. Tafuta katikati ya ubao wa mashine na katikati ya omo, vuta uzi wenye chaki. Usiamini macho, wala usiamini kiungo cha plaiwudi. Pima kutoka uzi hadi pembe ya kulia na ya kushoto kila baada ya nusu mita. Kwa urefu wetu wa mita 2.85, kukosea sentimita 5 kwenye ncha moja ni nyuzi 1 kamili, na nyuzi 1 inatosha kukuchosha mkono safari nzima.

18. Kazi yenyewe inakwendaje?

Weka mkuku juu ya mstari bila gundi na uangalie unakaa vipi. Karibu kila mara utaona mwanga mahali fulani, kwa sababu kitako hakijanyooka kabisa. Sasa shika penseli pamoja na kibao kidogo, chora umbo la kitako kwenye ubavu wa mkuku, kisha randa mpaka ukae wenyewe. Hatua hii inachosha na watu huiruka, wakitegemea skrubu zivute pengo. Skrubu zitavuta, ila kitakachopinda ni kitako, na utakuwa umejitengenezea ile kasoro ya swali la 5 kwa mikono yako.

Ukikaa vizuri, toboa matundu machache ya mwongozo, piga msasa nyuso zote mbili, futa vumbi. Paka epoksi nyepesi kwanza inyonywe, halafu epoksi iliyokorogwa na unga wa kukoleza mpaka iwe kama siagi ya karanga. Laza mkuku, uwekee mawe au mifuko ya mchanga, na mwenzako aingie chini ya boti kufunga skrubu kutoka ndani. Kaza mpaka gundi itokeze pande zote, basi. Ukikaza zaidi unaikamua gundi yote na kubakiza kiungo kikavu.

Ile iliyotokeza ilainishe kwa kidole chenye glavu iwe mkunjo mzuri kati ya mkuku na kitako. Ikikauka, funika mkuku na sentimita 7 za kitako kila upande kwa kitambaa cha faiba kilicholowa epoksi. Mbavu za mkuku ziwe zimeviringwa kabla ya hapo, kwani kitambaa hakikubali pembe kali.

19. Naweza kujaribu kwanza bila kubandika moja kwa moja?

Ndiyo, na nakusihi ufanye hivyo. Funga mkuku kwa skrubu na gundi laini ya kuziba tu, uende nao majini siku tatu au nne, ukiwa mtupu na ukiwa na mzigo, upepo ukiwa ubavuni na mawimbi yakiwa nyuma. Kata, punguza, sogeza. Ukiridhika, utoe, usafishe, ndipo ubandike kwa epoksi. Kona za kasi zijaribu hatua kwa hatua, umevaa jaketi la kuokolea, bila watoto ndani.

20. Nivishe nini chini ya mkuku?

Kiatu cha kuchakaa. Kibao cha mbao ngumu cha sentimita 1 kilichofungwa kwa skrubu fupi, bila epoksi, kinabadilishwa kila kikilika. Plastiki ngumu, ile inayotumika kutengeneza mbao za kukatia nyama, inateleza vizuri juu ya magogo. Baharini kiatu kina kazi ya pili: wadudu wanaotoboa mbao wanahitaji mahali palipochubuka pa kuingilia, na mahali pa kwanza kuchubuka siku zote ni chini ya mkuku.

## Hali za pekee

21. Boti imekaa majini miaka miwili. Nianze leo?

Usianze leo. Ipandishe, iondoe rangi kwenye mstari wa mkuku, iache kivulini penye upepo wiki kadhaa. Kisha bandika kipande cha nailoni kwa utepe pande zote nne, ukiache usiku mzima. Asubuhi kukiwa na umande chini yake, mbao bado ina maji na epoksi haitashika.

22. Na boti ya faiba au ya alumini?

Ya faiba: mkuku unaweza kuchongwa kwa povu gumu, ukafunikwa matabaka kadhaa ya faiba. Hapa poliesta inaruhusiwa, lakini futa nta ya juu kwanza, kisha msasa mpaka uso upoteze mng'ao wote. Ya alumini: ni kazi ya mchomeleaji wa alumini, kwa alumini. Usifunge kitu cha shaba wala skrubu za shaba kwenye alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini italiwa.

23. Nikiwa na mkuku, naweza kuweka tanga?

Kwa upepo wa nyuma, ndiyo. Kwa kupanda upepo, sentimita 4 hazitoshi. Utahitaji ubao wa kushusha katikati au mbao za ubavuni. Ngalawa inafanikiwa bila mkuku mrefu kwa sababu ina matengo (mbao za kuelea za pembeni) na umbo jembamba, vitu ambavyo boti yako haina.

24. Natumia mtoni na kwenye mikoko. Unanifaa?

Mara nyingi haufai. Kwenye mto wenye mkondo mkali, mkuku ukikwama kwenye fungu la mchanga huku mkondo unapiga ubavu, boti inalala na maji yanaingia. Kitako kitupu kingeteleza kikapita. Kwa kazi ya mikoko na matope, weka viatu vya kimo cha sentimita 1 au 2 vya kulinda kitako na uishie hapo.

25. Nina mashine mbili. Au injini ya ndani.

Mashine mbili zikiwa pembeni, mkuku wa katikati hauzigusi na unaweza kufika tezi. Ila mikuku ya pembeni isiwe mbele ya propela. Injini ya ndani yenye shafti ni jambo jingine: pale mkuku wa nyuma unabeba shafti yenyewe, na vipimo vya ukurasa huu havihusiki.

26. Nilishaufunga na sasa unavuja. Nifanyeje?

Kausha ndani, jaza maji kidogo boti ikiwa juu ya magogo, uangalie yanatokea wapi. Kama ni kwenye skrubu, toa moja moja, kausha tundu, lijaze epoksi, toboa upya. Usitoe zote kwa pamoja. Kama yanatokea kwa urefu kando ya mkuku, kiungo kimeachia, na kupaka gundi juu yake kunafungia maji ndani. Utoe mkuku, urudi swali la 18.

27. Natakiwa kumwambia mtu yeyote?

Kama boti imesajiliwa au inabeba abiria, ndiyo. Mpe taarifa mkaguzi wa vyombo vya majini kabla hujarudi kazini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Piga picha za kazi ikiwa wazi, kabla ya kitambaa na rangi, ukionyesha ubao wa ndani na skrubu. Mkaguzi hawezi kuviona baadaye, na fundi atakayekuja kuitengeneza boti hiyo baada yako hawezi pia.